Raga ya Tagi: Mchezo Uliotoka kwa Wanajeshi

Raga si mchezo mgeni nchini Uganda. Mwaka 2007 timu yetu ya taifa ilitwaa Kombe la Afrika. Hata hivyo, askari wengi huutazama mchezo huu kwa mbali tu. Viwanja vya kambi nyingi ni vigumu kama sakafu, na mwenye kuangushwa juu ya changarawe huenda akateguka bega na kukosa zamu kwa majuma kadhaa. Ni kamanda gani atakayekubali kupungukiwa na watu kwa sababu ya mchezo?

Shida hiyo hiyo iliwakuta wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Gibraltar, lile jabali lililo kusini mwa Hispania. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu, waliacha kuangushana. Kila mchezaji alichomeka kipande cha nguo kiunoni, na aliyechomolewa kitambaa hicho alihesabiwa kuwa amekamatwa. Habari hizo zilimfikia Nick Leonard mjini Plymouth, Uingereza, naye mwaka 1990 akatunga kanuni kwa ajili ya watoto. Mwaka 1991 shule za msingi zikakutana mjini humo kwa tamasha la kwanza. Leo hata watu wazima huucheza, wake kwa waume, mara nyingi saba kwa saba.

Vifaa ni vichache: mpira wenye umbo la yai, na mikanda. Kila mkanda una tepe mbili, moja kila upande wa nyonga, zilizoshikizwa kwa kitambaa cha kunata. Askari amezoea tepe za mkononi zinazoonyesha cheo. Hizi za kiunoni hazina cheo, na koplo aweza kumchomolea meja mbele ya kikosi kizima bila kushtakiwa.

Shabaha ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini. Anayeubeba hukimbia mbele, lakini akitaka kumpa mwenzake sharti aurushe kando au nyuma. Kuupiga teke ni marufuku. Mlinzi humzuia kwa kuchomoa utepe mmoja, huuinua juu na kupaza sauti: “Tagi!” Hapo mbebaji husimama upesi, akiwa na sekunde 3 za kuutoa mpira. Kisha mlinzi humrudishia utepe wake, naye huubandika kiunoni kabla ya kuingia tena mchezoni. Zikifika tagi zilizokubaliwa, nazo mara nyingi ni 6, mpira huenda upande wa pili.

Ugumu wa mchezo huu u katika mkono. Mlinzi haruhusiwi kushika mwili wala shati. Mbebaji naye haruhusiwi kumsukuma mlinzi wala kuziba tepe zake kwa kiganja. Mwenye kifua kipana, aliyezoea kushinda kwa nguvu, huadhibiwa mara kwa mara hadi ajifunze kutumia miguu, kukaza macho kiunoni, na kuchukua kile tu anachoruhusiwa kuchukua. Hapa tunaona somo linalomhusu hasa ndugu yetu polisi. Anayemkamata raia hutakiwa kutumia nguvu inayotosha kazi yake, isizidi. Neno hilo hufundishwa darasani, lakini mwilini huingia kwa mazoezi, mtu akiwa amechoka, ameudhika, na mpinzani wake anamponyoka.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Pasipo mikanda, vitambaa viwili vikichomekwa kwenye kaptula vyatosha, kama walivyofanya wale wa Gibraltar. Chokaa itachora mistari, na mwamuzi awe na filimbi. Wachezaji waanze kwa kupasiana wakitembea, kisha wakikimbia. Baadaye wajifunze kusonga mbele kwa safu moja wakati wa kulinda, kwa maana mlinzi mmoja akitangulia peke yake huacha mlango wazi nyuma yake. Jambo hilo askari hahitaji kuelezwa mara mbili.