Nta ya kunukia: Anayeanza aogope moto kwanza

NTA ya kunukia, ambayo haina utambi na huyeyushwa katika kibakuli kinachopashwa joto na mshumaa mdogo, inaweza kutengenezwa nyumbani kwa vyombo vya kawaida vya jikoni. Hata hivyo, anayeanza hana budi kuelewa kwamba nta huwaka kama mafuta. Ikizidiwa na joto hushika moto.

Kwa sababu hiyo, nta haiwekwi moja kwa moja jikoni. Bakuli la chuma lenye nta huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Maji hayo hayazidi nyuzi joto 100, na nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64.

Kwa kuanzia, gramu 100 za nta zatosha. Ikishayeyuka yote, iepuliwe, zitiwe gramu 6 za mafuta ya karafuu au mchaichai, kisha ikorogwe taratibu. Manukato yakitiwa nta ikiwa bado jikoni, harufu hupotea na mvuke. Yakizidi kipimo, hujitenga na kutoka juu kama jasho. Mchanganyiko humiminwa katika vikombe vidogo na kuachwa ugande.

Vipande hivyo visiwekwe juu ya makaa ya chetezo kama udi, kwani vitawaka. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike chombo kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe: hugeuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka.