Taa ya Mfuko wa Hewa Ikiwaka Baada ya Kubadili Usukani, Isizimwe Kabla ya Kujua Sababu

Magari mengi yanayotumika katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, yaliingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Usukani wa gari la namna hiyo ukichanika au ukilegea, mwenye gari hununua mwingine wa mtumba. Fundi huufunga kwa muda mfupi, lakini gari likiwashwa, taa nyekundu yenye alama ya mtu aliyeketi mbele ya duara hubaki ikiwaka kwenye dashibodi.

Kwa kawaida taa hiyo huwaka kwa sekunde chache ufunguo unapozungushwa, kisha hujizima. Isipojizima, maana yake ni kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa imebaini hitilafu, na huenda mfuko usifunguke ajali itakapotokea. Mfuko hujaa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, hivyo dereva hana nafasi ya kurekebisha lolote wakati huo.

Chanzo mara nyingi kiko nyuma ya usukani wenyewe. Hapo pana kasha la plastiki la duara lenye utepe wa nyaya uliozungushwa mithili ya springi ya saa, ndiyo maana mafundi huliita kloki springi. Utepe huo hupeleka umeme kwenye mfuko huku usukani ukiendelea kuzunguka. Kasha likifungwa bila kuwekwa katikati, utepe hukatika siku dereva atakapokata kona hadi mwisho. Honi ikinyamaza siku ileile taa ilipowaka, kasha hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza. Sababu nyingine ni soketi ya manjano ambayo haikubana sawasawa, au mfuko wa gari la toleo jingine usiooana na kompyuta.

Wakati mwingine kosa ni dogo zaidi: ufunguo ulizungushwa mfuko ukiwa umechomolewa. Kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya hitilafu hiyo, na katika magari mengi taa haizimiki hadi ifutwe kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Asiyepata fundi mwenye kifaa hicho Mugumu au Tarime mjini ni heri amtafute Musoma au Mwanza kuliko kukubali njia ya mkato.

Njia za mkato zenyewe zinajulikana. Balbu hung'olewa, nyaya za taa huunganishwa na za taa nyingine, au rezista hufungwa mahali pa mfuko ili kompyuta idanganyike. Anayeumia ni dereva au mnunuzi wa baadaye, ambaye hakuambiwa kitu. Mnunuzi azungushe ufunguo kabla ya kulipa: taa hiyo isipowaka kabisa, hata kwa sekunde moja, aulize kwa nini.

Kwa fundi, mfuko wa hewa ni kifaa chenye baruti. Waya hasi wa betri unapaswa kuondolewa kwanza, kisha kusubiri dakika kadhaa kwa kufuata kitabu cha gari, kwa sababu mfumo hubakiza umeme. Mfuko uliotolewa huwekwa kifuniko kikitazama juu, na haupimwi kwa mita ya kawaida, kwani umeme mdogo wa mita unaweza kuulipua.

Mfuko wa mtumba una hatari nyingine. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza mamilioni ya mifuko ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu, na baadhi ililipuka na kurusha vipande vya chuma. Magari ya Honda, Toyota, Nissan na mengineyo yaliitwa kurudishwa. Namba ya chasisi inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, lakini ukaguzi huo hauhusu mfuko uliotolewa kwenye gari jingine. Huo unahitaji namba ya gari ulikotoka.

Gari likisubiri kipuri, mkanda ufungwe kila safari, na dereva akae walau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani.