VUNJA NENO LA KIINGEREZA UPATE MAANA YAKE



Kwenye mbao za matangazo kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya kwa sababu yanaanza sawa: "repatriation" na "resettlement". Mwenye kuyachanganya anaweza kujiandikisha kwa jambo ambalo hakulikusudia. La kwanza ni kurudi katika nchi uliyoikimbia. La pili ni kupelekwa kuishi nchi nyingine kabisa, tofauti na hii iliyotupokea.

Si lazima kuyakariri kama kasuku. Yavunje. "Re-" mwanzoni ni "tena" au "nyuma". "Patria" ni Kilatini, yaani nchi ya baba. Waliosoma Kifaransa wanaliona hapo neno "patrie". "Settle" ni kutulia mahali na kukaa. Vipande vya mwisho, "-ation" na "-ment", hugeuza kitendo kuwa jina. Basi moja ni kurudi kwa baba, na jingine ni kukaa upya.

Kazi hii tunaifanya kila siku katika Kiswahili bila kufundishwa: soma, msomaji, somo, somesha, someka. Mzizi ni mmoja, watoto wengi.

Kinachowaponza watu zaidi ni kipande cha kukanusha, kwa kuwa ni kifupi na jicho hukiruka. Kadi iliyo "valid" inatumika, iliyo "invalid" haitumiki. "Eligible" ni mwenye kustahili, "ineligible" hastahili. Herufi mbili tu, na barua nzima imegeuka! Tena "in-" hubadilika kufuata herufi inayokuja: "impossible" haiwezekani, "illegal" si halali, "irregular" haifuati utaratibu. Tusishangae. Sisi wenyewe husema nyumba ndogo, lakini nyumba mbaya. Ile n imekuwa m mbele ya b. "Un-" haibadiliki: mtoto "unaccompanied" ni yule asiye na mzazi wala mlezi wa kufuatana naye.

Lakini "in-" si kukanusha kila mara. Pengine ni "ndani". Pipa lililoandikwa "inflammable" linashika moto upesi sana, na anayedhani ni kinyume chake atapika karibu nalo. Waliosoma Kifaransa hawatakosea hapo, maana kwao neno ni lilelile.

"Ndani" hiyo ndiyo iliyomo katika "injection", sindano ya zahanati: "in-" ni ndani, na "ject" ni kutupa. Ukishika "ject" umepata na "reject", kutupa nyuma, yaani kukataa. Na "project", kitu kilichotupwa mbele, mpango wa siku zijazo.

Kwenye daftari, upe kila mzizi ukurasa wake. Unaweza kuanza na "port", kubeba: "porter" ni mchukuzi, "transport" ni kusafirisha, "import" kuingiza bidhaa, "export" kuzitoa nje, "report" kupeleka habari. Ukikutana na jingine liandike hapohapo hata kama maana bado, kisha mwulize mwalimu.

Kwa fomu ya kutia saini au dole gumba, usikisie kwa mizizi peke yake. Mwombe mkalimani akusomee yote kwanza.