Shofaji ya boti inazimika alfajiri: kutafuta kosa bila kubahatisha

Niko Gent, Ubelgiji, na kazi yangu ni umeme wa maboti madogo. Huku kuna watu wanaoishi ndani ya boti kwenye mfereji mwaka mzima, na wakati wa baridi joto lote la kabini linatoka kwenye shofaji moja ya gazi iliyofichwa chini ya kitanda ao ndani ya kabati. Najua Bukavu ao Kalemie hamtaikuta. Naandika juu kosa lake ni la aina ambayo wale wanaosoma elektromekanike watalikuta kila fasi: kwenye jenereta, kwenye paneli za jua, kwenye friji ya chanjo ya kituo cha afya.

Kwanza tuelewe namna inafanya kazi. Ukiomba joto, shofaji haiwashi gazi pale pale. Feni inazunguka polepole sekunde kadhaa, kusukuma nje gazi yoyote iliyobaki ndani. Kisha valvu ya umeme inafungua gazi, na elektrodi inatoa cheche, tik tik tik. Moto ukiwaka, kadi ya elektroniki inataka ushahidi. Na ushahidi wenyewe ni mzuri sana: moto unapitisha umeme. Ni kidogo mno, mikroampea chache tu, lakini kadi inauona kupitia elektrodi iliyo ndani ya moto. Ikiuona, inaacha valvu wazi na kuongeza mwendo wa feni. Isipouona, inafunga gazi, inajaribu tena, halafu inakataa kabisa na kuwasha taa nyekundu. Hewa ya kuchoma inatoka nje ya boti kwa bomba moja, moshi unarudi nje kwa bomba lingine. Ndani ya kabini inaingia hewa ya moto tu, haikutani na moshi.

Mteja alikuwa mzee mmoja, mstaafu, anakaa peke yake. Malalamiko yake: mchana shofaji inafanya kazi vizuri, saa kumi na moja alfajiri inawaka, inakaa kidogo, inazimika, taa nyekundu. Nje ilikuwa digrii 4 chini ya sifuri, na ndani alikuwa analala na kofia na koti. Fundi wa kwanza alikwisha kubadilisha elektrodi, na kisha kadi nzima, pesa nyingi. Hali ileile.

Hapa njo naomba msimame kidogo. Neno kubwa katika malalamiko ya mzee si « inazimika ». Ni « mchana inafanya kazi ». Kadi iliyoharibika haijui saa. Lazima utafute kitu kinachobadilika kati ya mchana na alfajiri, na viko viwili: baridi, na batri.

Tukaanza na baridi. Gazi ya mtungi iko ya aina mbili. Butani inaacha kugeuka mvuke karibu na sifuri (nusu digrii chini yake), propani inaendelea mpaka digrii 42 chini ya sifuri. Kwetu hakuna anayewaza tofauti hiyo juu hatufiki huko. Huku, mtu akinunua butani ya bei nafuu, asubuhi mtungi umejaa na hautoi kitu. Lakini huyu alikuwa na propani. Mwenzangu, mwenye kibali cha gazi (mimi siguse bomba la gazi, na wewe usiguse kama hujafundishwa), akapima presha nyuma ya detanderi wakati shofaji inawaka: milibari 30, haishuki. Akapaka maji ya kupimia uvujaji kwenye viungo, hakuna povu. Gazi ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa nini tunaogopa uvujaji ndani ya boti kuliko ndani ya nyumba? Watu wa Goma wataelewa haraka kuliko Wabelgiji. Mnajua mazuku, ile gazi inayolala kwenye mashimo na kuua mbuzi na watoto, ilhali mtu mzima aliyesimama juu yake hasikii kitu. Mazuku ni kaboni dioksidi, uzito wa molekuli 44. Propani pia ni 44. Hewa ni 29. Basi propani ikivuja inafanya kama mazuku: inashuka na kulala chini, na chini ya boti ni shimo lisilo na mlango. Nyumbani ingetokea chini ya mlango. Botini inajikusanya, na asilimia 2 hivi ndani ya hewa inatosha kulipuka kwa cheche ya pompi. Ndiyo sababu mtungi unakaa ndani ya sanduku lake lenye tundu chini, la kumwaga gazi nje juu ya maji, na kipimo cha gazi kinafungwa chini, si kwenye dari.

Tukabaki na batri. Mzee alisema batri ni nzima, alipima mwenyewe: volti 12,3. Ni kweli, lakini alipima kwenye batri, na shofaji imezimwa. Batri iliyopumzika inasema uongo kama mwanafunzi kabla ya mtihani. Nikapima wakati shofaji inakazana, na nikapima kwenye plagi ya shofaji yenyewe. Kwenye batri: 11,9. Kwenye shofaji: 10,3. Kadi yake inakata ikishuka chini ya 10,5.

Volti 1,6 imepotea njiani. Feni kwa nguvu zote inakula ampea 3. Sheria ya Ohm tuliyoimba sekondari: 1,6 gawanya kwa 3, ni kama omu 0,53. Waya ulikuwa wa milimita mraba 2,5, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi. Shaba ya namna hiyo inatakiwa kuwa na omu 0,08 tu, yaani kupoteza robo ya volti. Kwa hiyo waya hauna shida. Kuna fasi moja njiani inakula iliyobaki.

Na sasa kila kitu kinajieleza. Feni ikiwa polepole inakula ampea 1, inapoteza nusu ya volti, moto unawaka bila shida. Moto ukikubalika, feni inapanda, volti inaanguka, kadi inakata. Mchana mzee anawasha mota ya boti, batri inapanda 13,8. Toa 1,6, unabaki na 12,2, shofaji inafurahi. Usiku friji na taa vinashusha batri, na alfajiri hakuna nafasi iliyobaki.

Nilifuata waya na miltimeta, kipande kwa kipande, shofaji ikiwa inazunguka. Kosa lilikuwa kwenye kishikio cha fyuzi, chini karibu na maji: shaba imekuwa ya kijani. Fyuzi yenyewe nzima. Ukiitoa na kuitazama unasema iko sawa.

Kabla sijamaliza, mzee aliniomba kitu kingine. Alisikia kwamba kuna namna ya kudanganya kadi isikate, na alichoka kulala na koti. Nilimwelewa, lakini nilikataa na nikamtoa nje nimwonyeshe bomba la moshi. Kwa sababu ya mvua alikuwa ametupa bashi juu ya boti, na ukingo wake uliziba karibu nusu ya tundu la moshi. Moto usiopata hewa ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni. Ni ileile ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, kila mmoja wetu anajua familia iliyolala na haikuamka. Haina harufu. Shofaji inayokatakata ilikuwa kero kwake, lakini bashi ndiyo ingemuua, hasa kama kadi ingedanganywa. Alilitoa mwenyewe, na kesho yake tukafunga kipimo cha monoksidi karibu na kichwa cha kitanda, kwenye urefu wa pua ya mtu anayelala. Hiyo gazi ina uzito karibu sawa na hewa, haikai chini kama propani.

Bei ilikuwa kishikio kipya cha fyuzi, vichwa viwili vya waya, na saa zetu. Baada ya hapo nilipima tena na feni kwa nguvu zote: 11,9 kwenye batri, 11,6 kwenye shofaji. Kadi ya zamani, ile aliyotolewa na fundi wa kwanza, alikuwa bado anayo ndani ya droo. Niliifunga nione. Ikawasha moto mara ya kwanza.