Mboga gani pamoja na nyama ya Noeli?

Siku za Noeli zinakaribia. Sokoni bei ya kuku na ya mbuzi inapanda kila juma, na hapa kwenye kupima watoto nasikia mazungumzo ya nyama tu: nani atachinja, nani atanunua, nani atachoma. Hakuna anayeniuliza juu ya vyakula vitakavyowekwa kando ya ile nyama. Lakini mtoto wako atakula hivyo vya kando zaidi kuliko nyama yenyewe.

Tufanye hesabu. Kuku mmoja wa kijiji, ukisha kumnyonyoa na kumsafisha, tuseme anabaki na kilo 1. Toa mifupa, nyama ni nusu kilo hivi. Juu ya makaa inapoteza maji na mafuta, inapungua tena. Nyumbani mko watu 10. Baba anapewa paja, mgeni anapewa kifua, na mtoto wa miaka 2 anapata mfupa wa kunyonya na mchuzi juu ya mchele. Mikono yake inang'aa mafuta, anacheka, nanyi mnasema amekula nyama. Hapana. Amekula mchele.

Mchele si chakula kibaya. Unatia nguvu, sawa na bugali, makemba na viazi. Shida ni kwamba siku kuu watu wanaweka mezani mchele, na makaroni, na makemba ya kukaanga, na mikate, halafu wanasema meza imejaa. Hao wote ni ndugu wa tumbo moja. Chagua mmoja, au wawili kama wageni ni wengi, na feza ya wengine inunue vyakula vya kujenga mwili na vya kuulinda. Wengi wenu mmeona mtoto wa bwaki, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi. Mara nyingi mtoto yule hakukosa chakula tumboni. Alijazwa bugali tupu siku kwa siku.

Mama mmoja alinijibu: «Mama, sombe tunakulaka kila siku. Siku ya Noeli nayo? Bageni batanicheka.» Nilimwambia: watacheka kama umeipika ovyo. Ipike kwa heshima, wataomba tena. Twanga majani laini kabisa, chemsha kwa muda mrefu mpaka yameiva vizuri, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu, na ni kutwanga na kuchemsha kunakoiondoa. Kisha tia kitunguu, karanga za kusagwa, na mafuta ya mawese. Mafuta yale yabaki mekundu! Wako wamama wanaoyachoma mpaka yanakuwa meupe. Wanachoma vitamini A, ile inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Karanga zinaongeza nguvu ya kujenga mwili. Chungu kimoja cha sombe namna hii kinagawanyika kwa watu wote 10 bila ugomvi.

Lengalenga nayo inakwenda vizuri na nyama ya kuchoma, lakini yenyewe haitaki moto mrefu. Ioshe kwanza, ikate baadaye, uipike dakika chache tu. Maharagi ni rafiki wa kila meza; yaloweke tangu jana yake, hayatakula makaa mengi. Kama una karoti ao kabichi, vizuri. Kama huna, usikope feza kwa ajili ya karoti, majani ya shamba yako yanatosha.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Nyama kidogo, ikiliwa pamoja na majani na maharagi, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani yao, yale yanayotengeneza damu. Chungwa, ndimu, nanasi ao papai vinafanya vile vile. Basi kile kipande kidogo cha mtoto usimpe peke yake. Kikatekate ao ukitwange, ukichanganye na sombe na maharagi, na baadaye mpe chungwa. Chai inafanya kinyume, inazuia chuma. Ingojee saa moja hivi baada ya kula. Na limonadi usimpe mtoto mbele ya chakula. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja linapokea kama kikombe kimoja tu, na likijaa maji ya sukari, sombe itaingia wapi?

Sasa juu ya saladi ya mayoneze, ile ya viazi na mayai, inayopendwa sana siku hizi. Mimi mwenyewe, nikiwa muuguzi tayari, niliitengeneza asubuhi na mapema, nikaifunika kitambaa, nikaenda kanisani. Ibada ya Noeli munaijua urefu wake. Tulikula saa nane, na usiku ule watoto wangu wawili walihara mpaka alfajiri. Mayoneze ya nyumbani ina mayai mabichi, na kwenye joto vijidudu vinazaa haraka. Hata chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya masaa 2 bila moto. Kama huna friji, acha saladi hiyo. Kata avoka na nyanya wakati watu wanaketi, utie ndimu na chumvi kidogo.

Na kisu! Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya mpaka kimeoshwa kwa maji na sabuni, pamoja na ubao na mikono yako.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hana sahani siku hiyo, hata kama bibi yake anasisitiza aonje mchuzi. Ziwa linamtosha. Wa miezi 6 na zaidi, mpondee makemba, sombe laini na nyama iliyotwangwa, katika sahani yake mwenyewe, maana kwenye sahani ya wote wakubwa watamshinda. Karanga nzima na mifupa midogo usimpe, vinakaba koo.

Mifupa iliyobaki msitupe. Ile iliyobaki chunguni, isiyotafunwa na mtu, ichemshe mara moja, na supu yake ipike maharagi ya jioni ile ile.