Jua liko bure, lakini siye wa shimoni tunalikosa

Mtu akituambia siye wa Kasongo na Kabambare kwamba tunaweza kukosa jua, tunacheka. Tuko digri 4 na kitu tu kusini mwa ikweta, hata mbuzi wanatafuta kivuli. Lakini uliza mchimbaji anayeshuka shimoni alfajiri na kutoka magharibi. Jua analiona siku ya Mungu tu. Wamama wanaotwanga mawe kule juu wanalipata zaidi kumshinda.

Kwa nini sendika inaongea mambo ya jua? Sababu ngozi ikipigwa na jua inatengeneza vitamini D, na hiyo njo inasaidia kalsiamu ya chakula kuingia katika damu. Kalsiamu si ya mifupa peke yake. Roho yetu, ule moyo unaopiga kifuani, inaihitaji pia. Kalsiamu ikishuka sana katika damu, roho inachelewa kujitayarisha baada ya kila pigo, na mapigo yanaweza kuvurugika. Vidole vinakufa ganzi, misuli inakazana, mtu anaweza hata kuzimia. Na siye wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu juani kuliko Wazungu.

Jambo hili si jipya. Karne iliyopita, katika migodi ya makaa ya Umoja wa Kisovieti, wachimbaji walipitishwa mbele ya taa zinazoiga jua. Siye hatuhitaji taa. Jua lenyewe liko pale juu ya shimo.

Lakini tusidanganyane: si kila roho inayokimbia imekosa vitamini. Mwenzetu mmoja roho ilimruka usiku kucha. Wengine walisema amerogwa, mwingine akataka kumuuzia vidonge. Kumbe kwenye kituo cha afya walikuta malaria na upungufu wa damu. Angemeza vidonge, angepoteza makuta na pengine maisha.

Utafiti mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2021, ulifuata watu zaidi ya 25,000 wa miaka 50 na kuendelea, kwa miaka kama 5. Wengi wao hawakuwa na upungufu mkubwa. Waliomeza vitamini D kila siku hawakukingwa na ugonjwa wa roho kupiga ovyo kuliko waliomeza vidonge vitupu. Tena vitamini D ikizidi mno inapandisha kalsiamu kupita kiasi, na hiyo nayo inaumiza roho.

Neno lingine: kinini inaweza kugusa mapigo ya roho. Kama roho yako inaruka au unazimia-zimia, mwambie munganga mbele hajakutundikia serumu ya kinini. Usinyamaze kwa haya.

Basi tunaomba nini? Kwa wenye mashimo na makoperative: zamu zipangwe ili kila mchimbaji atoke juu mchana, apumzike juani, si gizani. Haiwagharimu hata franka moja. Kwa wenzetu: kando ya bukari na sombe, tafuteni ndagala, mule pamoja na mifupa yake, na yai siku makuta yakipatikana.

Dhahabu inabaki chini miaka yote, haiozi. Siye njo tunaoza. Saa moja ya jua isiwe zawadi ya patron, iwe haki ya kazi.