Simu ya Mkononi katika Ufuatiliaji wa Shinikizo la Damu kwa Wazee

Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina maumivu. Mzee anaweza kuishi nalo kwa miaka mingi bila kuhisi dalili yoyote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuharibika. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huacha dawa pindi wanapojisikia vizuri, na baadhi yao hurudi hospitalini wakiwa tayari wamepata kiharusi. Kati ya kliniki moja na nyingine huweza kupita mwezi mmoja au zaidi, na katika kipindi hicho mgonjwa hana wa kumkumbusha wala wa kumuuliza. Pengo hilo ndilo ambalo simu ya mkononi inaweza kusaidia kuliziba.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030, mtu mmoja kati ya kila sita duniani atakuwa na umri huo.

Matumizi yanayofaa

Msaada wa simu hauhitaji simu janja. Kengele ya simu ya kitochi yatosha kumkumbusha mzee kumeza dawa, hasa ikipangwa sambamba na jambo analolifanya kila siku, kama vile swala ya alfajiri au kifungua kinywa. Kwa asiyesoma, simu ya sauti kutoka kwa mwanawe au mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufaa kuliko ujumbe wa maandishi. Mazungumzo hayo pia humpunguzia upweke, ambao nao hudhoofisha afya ya mwili na akili.

Mwenye kipimo cha shinikizo la damu nyumbani, kile kinachofungwa juu ya kiwiko, apime akiwa amepumzika kwa dakika tano. Aketi akiwa ameegemeza mgongo, miguu ikanyage chini, na mkono uwekwe mezani usawa wa moyo. Asinywe kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa inayotangulia. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, akiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kwa siku saba kabla ya kliniki. Majibu ya siku ya kwanza huachwa, na ya siku zinazobaki hutafutiwa wastani. Wastani wa nyumbani ukifikia 135/85 au zaidi, huhesabiwa kuwa uko juu. Namba hizo zaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi au kuandikwa katika daftari. Mgonjwa asibadili dozi wala kuacha dawa kwa kutegemea namba hizo pekee, au ushauri unaosambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii.

Vikwazo vya kuzingatia

Mtoto wa jicho na upungufu wa kuona karibu humfanya mzee ashindwe kusoma kioo cha simu. Usikivu hafifu humfanya asisikie kengele. Kabla ya kumwona mzee kuwa mzito wa kujifunza, apimwe macho na masikio, maandishi yakuzwe, na sauti iongezwe.

Kikwazo kingine ni umiliki. Mara nyingi namba iliyoandikwa katika faili la mgonjwa ni ya mwana au mjukuu anayeishi mbali. Ujumbe hufika, lakini haumfikii mgonjwa. Na siri ya ugonjwa wake husomwa na mtu ambaye hakumridhia. Mzee aulizwe simu ni ya nani, na nani anaruhusiwa kupokea taarifa zake. Aelezwe pia kwamba mhudumu wa afya hamwombi mgonjwa namba yake ya siri ya huduma za fedha, kwani matapeli hujifanya watumishi wa hospitali.

Wajibu wa kituo

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu afya ya kidijitali unasisitiza kwamba teknolojia haichukui nafasi ya mfumo wa afya unaofanya kazi. Mzee anayetuma vipimo vyake mara tatu bila kujibiwa huacha kutuma. Kwa hiyo kabla ya kuomba vipimo, kituo kimteue atakayevisoma, siku atakayovisoma, na hatua atakayochukua.

Jambo moja halisubiri ujumbe: mdomo kupinda, mkono au mguu kupoteza nguvu ghafla, au mtu kushindwa kuzungumza. Hizo ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama dalili zimetoweka njiani.